Nonogramu kwa Anayeanza: Kuchora Dau kwa Namba Bila Kubahatisha

Maswali ya wanaoanza nonogramu hayabadiliki. Awe mwanafunzi wa Shangani au mkulima wa Newala anayesubiri matokeo ya mnada wa korosho, atauliza yale yale: hizi namba za pembeni zina maana gani, naanzia wapi, na mbona nimefika nusu nimekwama? Majibu yako hapa chini, pamoja na fumbo moja la dau, chombo cha tanga, ambalo tutalimaliza lote.

Nonogramu ni jedwali tupu la viboksi, na kila mstari umepewa namba zake. Ukizifuata sawasawa, baadhi ya viboksi unavitia weusi, vingine unaviacha, na picha inajitokeza. Namba haziandikwi ndani ya viboksi kama kwenye Sudoku. Mafumbo haya yalitoka Japani mwaka 1987, yalikobuniwa na watu wawili kila mmoja kivyake, Non Ishida na Tetsuya Nishio. Mwingereza James Dalgety ndiye aliyeyapa jina la nonogramu mwaka 1990, akilitoa kwenye jina la Non. Kwenye simu utayakuta pia kwa jina la Picross. Ni kitu kile kile.

Kanuni

Namba za kushoto ni za mistari ya mlalo, za juu ni za mistari ya wima. Kila namba ni kundi moja la viboksi vyeusi vilivyoshikana. Ukiona 4 2, kuna vyeusi vinne vilivyoshikana, kisha nafasi ya kiboksi kimoja au zaidi, kisha vyeusi viwili. Mpangilio haugeuzwi: 4 2 siyo 2 4. Mlalo husomwa kushoto kwenda kulia, wima husomwa juu kwenda chini. Sifuri maana yake mstari hauna cheusi hata kimoja.

Basi. Hakuna kanuni nyingine.

Vitu vya kuwa navyo

- Penseli ya HB au 2B iliyochongwa vizuri. Kalamu ya wino iache, kwa sababu utafuta.
- Raba laini. Raba ngumu huchubua karatasi, na karatasi iliyochubuka haionyeshi tena kama kiboksi kilikuwa na X (alama ya kiboksi kisichotiwa weusi) au kilikuwa cheusi.
- Daftari la hesabu lenye miraba. Kama huna, chukua karatasi tupu na rula, uchore viboksi vya sentimita 1. Jedwali la 10 kwa 10 litachukua sentimita 10. Ongeza sentimita 3 kushoto na 3 juu kwa ajili ya namba. Karatasi ya A4 inabeba hadi 15 kwa 15 kwa kipimo hicho. Kwa 20 kwa 20 punguza kiboksi kiwe milimita 7. Ukitumia karatasi ya grafu, viraba vyake vya milimita 2 ni vidogo mno. Hesabu vitano kwa vitano kuwa kiboksi kimoja.
- Kipande cha karatasi cha kulaza chini ya mkono. Joto la Mtwara la Desemba hulowesha kiganja, na kiganja kilicholowa hukokota weusi wa penseli hadi kwenye viboksi vya jirani. Makosa mengi yanayoonekana ya akili ni ya jasho tu.
- Mwanga. Umeme ukikatika na ukawasha tochi ya simu, iweke upande wa kushoto kama unaandika kwa mkono wa kulia, kivuli cha mkono kisifunike unapoandika.

Anayecheza kwenye simu azime kipengele kinachoonyesha kosa papo hapo. Kikiwa kimewashwa, utaanza kugusa viboksi uone kipi kinakataa, na huo sasa ni mchezo mwingine.

Hatua kwa hatua

1. Chora jedwali na uandike namba. Baada ya kila viboksi vitano kaza mstari uwe mnene. Mstari huo ndio utakaokuokoa katika kuhesabu. Bila huo, jicho huruka kiboksi kimoja kati ya cha 6 na cha 9 na hutajua. Namba za dau letu, jedwali la 10 kwa 10, ni hizi:

Mlalo, kuanzia juu: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 1, 10, 8, 6.

Wima, kuanzia kushoto: 1, 2, 3, 3, 10, 5 3, 4 3, 3 3, 2 2, 1 1.

Namba za wima zenye mbili ziandike moja juu ya nyingine: 5 juu, 3 chini yake.

2. Jumlisha pande zote mbili. Jumla ya namba zote za mlalo lazima ilingane na jumla ya namba zote za wima, maana zote zinahesabu viboksi vyeusi vile vile. Hapa mlalo ni 46 na wima ni 46. Zikitofautiana umenakili vibaya, rudi kwenye fumbo la asili. Wengi huruka hatua hii kwa kuwa inachukua dakika nzima, halafu hupoteza nusu saa kutafuta kosa ambalo halimo kwenye jedwali bali limo kwenye namba. Ila jumla kulingana si uthibitisho kamili: ukibadilisha nafasi za mistari miwili, jumla haibadiliki.

3. Anza na mistari isiyo na ubishi. Mstari wa viboksi 10 wenye namba 10 unajaa wote. Kwenye dau ni wima 5 (ya tano kutoka kushoto) na mlalo 8 (wa nane kutoka juu). Vijaze.

Sasa tazama mlalo 1. Namba yake ni 1, na tayari una kiboksi kimoja cheusi ulichokipata kutoka wima 5. Mstari huo umekwisha. Vile tisa vingine vipige X. Mlalo 7 nao ni hivyo hivyo. Viboksi 37 kati ya 100 vimejulikana na bado hujafanya hesabu yoyote.

4. Hesabu chenji. Hapa ndipo wanaoanza huachwa nyuma, kwa hiyo tusiende haraka.

Fikiria mkeka wa futi nane kwenye chumba cha futi kumi. Usukume hadi ukuta wa kushoto, futi mbili zinabaki wazi kulia. Usukume kulia, mbili zinabaki wazi kushoto. Lakini zile futi sita za katikati hazikufunuliwa hata mara moja. Mlalo 9 wa dau una namba 8 kwenye viboksi 10: popote kundi litakapokaa, viboksi vya 3 hadi 8 ni vyeusi. Vijaze leo, kingo zitajulikana baadaye.

Namba zikiwa nyingi kwenye mstari mmoja, fanya kama unalipa dukani. Urefu wa mstari ndiyo hela uliyonayo. Jumlisha namba zote, ongeza nafasi moja kati ya kila kundi na jingine, hiyo ndiyo bei. Toa bei kwenye hela. Kinachobaki ni chenji. Namba yoyote iliyo kubwa kuliko chenji inakupa viboksi vya kujaza, na idadi yake ni namba hiyo kutoa chenji.

Kujua ni viboksi vipi: sukuma makundi yote kushoto kabisa yakiwa na nafasi moja moja kati yao. Katika kila kundi ruka viboksi vya mwanzo kwa idadi ya chenji, vilivyobaki vya kundi hilo jaza.

Mfano, mstari wa viboksi 15 wenye 4 3 5. Bei ni 4+3+5 na nafasi 2, jumla 14. Chenji 1. Makundi yakisukumwa kushoto yanakaa 1–4, 6–8 na 10–14. Ruka kimoja katika kila kundi: unajaza 2–4, 7–8 na 11–14. Viboksi tisa kwa mkupuo.

Mfano mwingine, mstari wa 20 wenye 7 2 6. Bei 17, chenji 3. Kundi la 7 linakupa viboksi vinne, 4 hadi 7. Lile la 2 halitoi kitu, dogo kuliko chenji. La 6 linakaa 12–17, ruka vitatu, jaza 15–17. Kosa linalorudi sana hapa ni kusahau nafasi za kati kwenye bei. Mtu anapata chenji 5 badala ya 3 na kujinyima viboksi. Baya zaidi ni kulazimisha namba ndogo itoe kitu. Wima 8 ya dau ni 3 3: bei 7, chenji 3, na 3 si kubwa kuliko 3. Iache.

5. X ikishapatikana, hesabu chenji upya. Kiboksi chenye X kwenye ukingo kinafupisha mstari, na mstari mfupi una chenji ndogo. Chukua wima 6, namba 5 3. Mwanzoni bei ni 9 na hela 10, chenji 1. Lakini mlalo 1 umeshatia X kwenye kiboksi cha juu, kwa hiyo hela sasa ni 9. Chenji sifuri. Mstari wote unajulikana: cheusi kuanzia cha 2 hadi 6, X kwenye 7, cheusi 8 hadi 10.

Anayejaza weusi tu bila kuweka X anafanya nusu ya kazi, na ndiye yule anayekwama nusu ya njia. Kiboksi ulichokikataa kina faida ile ile ya kiboksi ulichokijaza. Kundi likikamilika, weka X pande zake mbili hapo hapo na ukate namba yake kwa mstari mwembamba. Usiifute namba, utaihitaji ukitafuta kosa.

6. Geuza upande, fuata mistari iliyobadilika tu. Kila kiboksi kipya kinagusa mlalo mmoja na wima mmoja. Ukijaza mlalo, kagua wima zilizoguswa, kisha rudi. Dau linaishia hivi:

Mlalo 2 una namba 2, na wima 5 na 6 zimeshaupa vyeusi viwili. X kwingine kote. Hiyo inaweka X juu ya wima 7 (4 3): viboksi vya 1, 2 na 7 vimekataliwa, basi 4 inakaa 3–6 na 3 inakaa 8–10.

Mlalo 3 sasa una vyeusi vitatu, wima 5, 6 na 7. Umekwisha. Wima 8 (3 3) ikafungwa kwa juu, 3 ya kwanza inakaa 4–6 na ya pili 8–10. Mlalo 4 umetimia.

Wima 9 (2 2): kiboksi cha 8 ni cheusi na cha 7 kina X. Chini ya X hiyo kuna viboksi vitatu tu, makundi mawili ya 2 hayaenei humo. Kwa hiyo moja liko juu, la chini linaanzia 8: vyeusi 8 na 9, X kwenye 10. La juu, kwa kuwa cha 4 kimekataliwa, ni 5 na 6. Mlalo 5 umetimia.

Kimebaki kitendawili kimoja. Mlalo 6 una namba 6 na vyeusi vitano tayari, wima 5 hadi 9. Cha sita ni kushoto au kulia? Usibahatishe, ulizia wima 4. Namba yake ni 3, cha 8 ni cheusi, cha 7 kina X, kwa hiyo kundi ni 8–10 na huko juu hakuna kitu. Cha sita kiko wima 10. Wima 1, 2 na 3 zinajaa kwa mtindo ule ule kuanzia kiboksi cha 8 kushuka. Mlalo 9 unaanzia 2 hadi 9, mlalo 10 unaanzia 3 hadi 8. Dau hilo, na tanga lake la pembetatu, kama linaingia ghuba ya Mikindani.

Angalizo juu ya mlalo 7. Ukishaona tanga, jicho litataka kuliunganisha na ubavu wa dau, na mkono utajaza. Mlalo 7 una namba 1 tu, ni mlingoti peke yake. Picha ni zawadi ya mwisho, haitumiki kama ushahidi.

7. Tumia kingo. Hatua hii na zinazofuata ni za mafumbo ya 15 kwa 15 kwenda juu. Kama namba ya kwanza ni 4 na kiboksi cha 1 ni cheusi, kundi ni 1–4 na cha 5 ni X. Kama namba ya kwanza ni 5 na kiboksi cha 3 ni cheusi, hakuna kundi linaloweza kutangulia, kwa hiyo hicho ni cha kundi la 5, na kundi hilo lazima lifike angalau kiboksi cha 5: jaza 4 na 5. Mwisho wa mstari fanya hivyo hivyo kwa namba ya mwisho.

8. Unganisha, tenganisha, ziba. Mstari wa 10 wenye namba moja tu, 5, na vyeusi kwenye 4 na 7: ni kundi moja, jaza 5 na 6. Kundi hilo ni 3–7 au 4–8, basi 1, 2, 9 na 10 ni X.

Kinyume chake, namba ni 2 2 na vyeusi viko 4 na 6. Ukijaza cha 5 unapata vitatu vilivyoshikana, na hakuna 3 kwenye mstari huo. Cha 5 ni X. Makundi ni 3–4 na 6–7.

Nafasi ndogo: viboksi viwili vilivyobanwa kati ya X mbili, na namba ndogo kabisa ya mstari ni 3. Hakuna kinachoingia humo. Vipige X vyote viwili.

9. Dhana, ikiwa hakuna njia nyingine. Chagua kiboksi ambacho mlalo wake na wima wake vyote vimebana. Weka nukta nyepesi, sema "tuseme hiki ni cheusi", ufuate matokeo yake mistari mitatu au minne. Ukigongana na namba yoyote, kiboksi hicho ni X kwa uhakika. Usipogongana, hujathibitisha kitu. Futa nukta zote ujaribu kingine. Kosa ni kukubali dhana kwa kuwa "haijaleta shida bado". Nukta zitumike, si weusi kamili, ili kurudi nyuma iwe rahisi.

Mafumbo ya rangi yana tofauti moja ya kukumbuka: makundi mawili ya rangi tofauti yanaweza kugusana bila nafasi, kwa hiyo kwenye bei usihesabu nafasi kati yao.

Mambo yakiharibika

*Mstari umekataa, vyeusi vimezidi namba.* Usifute kiboksi kimoja kinachokuudhi. Mara nyingi hicho ndicho sahihi na kosa liko mbali. Kwanza linganisha namba za mstari huo na za asili. Kisha tafuta visababishi vitatu vya kawaida: namba zilisomwa kinyume (hasa wima, kutoka chini), makundi mawili yalishikana bila X katikati, au uliruka kiboksi kimoja baada ya mstari mnene. Usipoona kwa dakika tano, anza upya. Jedwali la 10 kwa 10 linarudiwa haraka kuliko linavyochunguzwa.

*Umekwama lakini hakuna kosa.* Pitia mistari yenye namba kubwa na uhesabu chenji tena ukiondoa X za kingoni. Halafu tafuta nafasi ndogo za kuziba. Halafu mistari iliyotimia ambayo hukuiwekea X. Mara nyingi iko mmoja umesahaulika.

*Picha mbili zote zinakubali.* Hilo ni kosa la mtunzi. Chukua jedwali la 2 kwa 2 lenye 1 kila upande: vyeusi vikikaa kona hii na ile, au kona nyingine mbili, namba ni zile zile. Ukitunga fumbo lako, liepushe na vyeusi vilivyopangwa mshazari kama nyota za kanga, na umpe mtu mwingine alitegue kabla hujaenda steshenari kutoa kopi.

*Umemaliza, namba zote zimetimia, ila huoni picha.* Shikilia karatasi kwa mkono ulionyooka, ukunje macho kidogo. Kama bado, mtunzi hakujua kuchora.

La kufanya mwenyewe

Jedwali la 8 kwa 8. Jumla ni 33 kila upande. Anza na sifuri, kisha zile 8; baada ya hapo mlalo wa 3, 4 na 5 itajifungua yenyewe. Kitu chenyewe hakuna asiyekijua kuanzia Lindi hadi Masasi.

Mlalo, kuanzia juu: 2, 4, 6, 6, 6, 4, 2, 3.

Wima, kuanzia kushoto: 0; 3; 5; 8; 8; 5 1; 3; 0.